Gawio, hisa stahiki na mgawanyo wa hisa: nianzie wapi kujifunza?

Mkulima wa Kilosa anauliza:

Habari zenu, ndugu wawekezaji. Nina hisa za benki mbili na za kiwanda kimoja katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na muda wote nimekuwa nikipokea gawio bila kujishughulisha kujua linafikaje. Siku hizi nasoma matangazo ya kampuni yenye tarehe nne au tano, yakitaja kufungwa kwa daftari, hisa stahiki, hisa za ziada na mgawanyo wa hisa, na naona kwamba nikiulizwa na jirani yangu sitaweza kumweleza hata moja kikamilifu. Mambo mawili yananisumbua zaidi. La kwanza, kwa nini bei hushuka mara baada ya tarehe fulani ilhali kampuni imetangaza faida nzuri? La pili, kampuni ikimpa mwanahisa nafasi ya kununua hisa mpya kwa bei iliyo chini ya ile ya sokoni, je, hiyo ni zawadi au ni mtego? Naomba mnielekeze misingi, ikiwezekana kwa mifano iliyokwisha kutokea hapa kwetu au kwa jirani zetu.

Dalali Mstaafu anajibu:

Ndugu Mkulima, kabla ya kukariri majina, kila usomapo tangazo jiulize kwanza: je, linanitaka niamue jambo? Gawio la fedha taslimu (sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa), hisa za ziada (hisa mpya zinazotolewa bure) na mgawanyo wa hisa (hisa moja kukatwa kuwa kadhaa) vitakufikia hata ukiwa umelala, mradi jina lako limo katika daftari la wanahisa siku linapofungwa. Hisa stahiki, yaani nafasi ya mwanahisa kununua hisa mpya kwa bei ya punguzo, na ofa ya kununuliwa hisa zako ni habari nyingine, kwa kuwa zina tarehe ya mwisho, na ukinyamaza, kimya chako huhesabiwa kuwa jibu.

Sasa tarehe. Ukinunua hisa leo, haziingii kwenye jina lako leo, bali siku ya tatu ya kazi baada ya biashara kufanyika. Kwa hiyo daftari likifungwa Ijumaa, aliyenunua Jumanne atakuwa ameingia, na aliyenunua Jumatano atakuwa amechelewa, kwa sababu hisa zake zitahamishwa Jumatatu inayofuata. Ndiyo maana tangazo hutaja siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa na gawio, kisha siku ya kwanza ya kuuzwa bila gawio, kisha siku ya kufunga daftari, na mwishoni siku ya malipo. Wageni wengi hukazia macho siku ya kufunga daftari peke yake, ilhali inayoamua ni ile siku ya mwisho ya kununua hisa zikiwa na gawio.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza. Tuseme hisa inauzwa TSh 1,000 na gawio ni TSh 50. Anayenunua baada ya siku ile hapati gawio, kwa hiyo hana sababu ya kulipa zaidi ya TSh 950 hivi, kwa kuwa fedha hizo zimekwishatengwa kwa ajili ya wengine. Mwenye hisa 1,000 amehamisha TSh 50,000 kutoka kwenye thamani ya hisa zake kwenda mfukoni mwake, tena zikiwa zimekatwa kodi ya zuio (kodi inayokatwa kabla hujalipwa), ambayo kwa kampuni zilizoorodheshwa sokoni kwetu ni asilimia 5, hivyo atapokea TSh 47,500. Katika soko letu, ambako hisa za baadhi ya kampuni hupitisha siku kadhaa bila kubadilishana mikono, bei inaweza kukaa palepale kwa muda, lakini hilo linatokana na uchache wa wanunuzi na wauzaji, wala si dalili kwamba fedha zimezaliwa.

Kijana wa Kariakoo anajibu:

Mimi huona ni rahisi zaidi kununua siku chache kabla ya daftari kufungwa, kuchukua gawio, kisha kuuza. Kwa nini mtu afungie fedha zake mwaka mzima?

Dalali Mstaafu anajibu:

Kijana wangu, piga hesabu yote. Utalipa kamisheni na tozo wakati wa kununua, utazilipa tena wakati wa kuuza, gawio litakatwa kodi, na bei uliyonunulia itakuwa imeshuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe. Zaidi ya hapo, si kila siku utampata mnunuzi wa hisa zako.

Mwanahisa wa Nairobi anajibu:

Naongezea mifano ya huku Kenya, kwa kuwa tumepitia mengi. Mwaka 2009 benki ya Equity iligawanya kila hisa moja kuwa kumi, na thamani ya msingi ya hisa (ile iliyoandikwa katika vitabu vya kampuni, si bei ya sokoni) ikatoka KSh 5 hadi senti 50. Aliyekuwa na hisa 100 akawa na 1,000, lakini sehemu yake katika benki haikuongezeka hata kidogo. Hisa za ziada, kama zile ambazo Co-operative Bank ilitoa mwaka 2017, moja kwa kila tano, hufanana na hilo kwa mwanahisa, ingawa katika vitabu kampuni huwa imehamisha akiba yake kuwa mtaji. Faida halisi ni kwamba hisa ya bei ndogo hununulika na watu wengi zaidi. Ukimsikia mtu akisherehekea kwamba amekuwa tajiri kwa mgawanyo, mwache amalize sherehe kwanza.

Kuhusu hisa stahiki, fundisho letu kubwa ni Kenya Airways. Mwaka 2012 shirika hilo liliwapa wanahisa nafasi ya kununua hisa 16 mpya kwa kila 5 walizokuwa nazo, kwa KSh 14 kila moja. Tazama uwiano huo: mwanahisa alikuwa anaombwa aongeze zaidi ya mara tatu ya idadi aliyokuwa nayo. Shirika lilitafuta takriban KSh bilioni 20.7 na likapata takriban bilioni 14.5. Mwaka 2017 likapangwa upya, na sehemu ya madeni yake ikageuzwa kuwa hisa, hata kampuni iliyoundwa na mabenki yaliyokuwa yakilidai ikawa na asilimia 38.1. Wanahisa wadogo walimezwa, sehemu yao ikawa ndogo sana, wenye kulipia mwaka 2012 na wasiolipia. Mimi husoma uwiano kwanza, halafu sababu ya kutafuta fedha, na bei ya punguzo huiangalia mwisho.

Dalali Mstaafu anajibu:

Dada ameeleza vizuri, nami nitakamilisha kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 2015 benki ya CRDB iliuza hisa stahiki, moja kwa kila tano, kwa TSh 350. Tuchukulie kwamba bei ya sokoni ingekuwa TSh 400. Hisa tano zina thamani ya TSh 2,000, unaongeza TSh 350, unapata hisa sita zenye thamani ya TSh 2,350, yaani takriban TSh 392 kila moja. Aliyelipia hakupata zawadi wala hasara. Aliyenyamaza amebaki na hisa tano za TSh 392, kwa hiyo amepoteza takriban TSh 42, na pia sehemu yake katika benki imepungua. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni kwamba punguzo ni haki yako mwenyewe inayorudishwa kwako. Kama huna fedha za kulipia, soma waraka wa matarajio (kitabu cha kampuni kinachoeleza masharti ya hisa hizo) uone kama haki hiyo inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Ikiruhusiwa, iuze kabla muda haujaisha.

Kwa ofa ya ununuzi wa kampuni, mfano mmoja ni kampuni ya Amsons ya Tanzania, ambayo mwaka 2024 iliwapa wanahisa wa Bamburi Cement, kampuni ya saruji ya Kenya, KSh 65 kwa hisa. Mnunuzi wa pili, kampuni ya Savannah Clinker, ilijitokeza na kufikia KSh 76.55, kisha ikajiondoa. Ahadi kubwa ya mnunuzi wa pili haikumfaa mwanahisa yeyote.

Mkulima wa Kilosa anajibu:

Nawashukuru sana. Swali la mwisho: nikiwa na hisa 1,243 na uwiano ukiwa moja kwa tano, hesabu inanipa 248.6. Hiyo sehemu ya hisa inakwenda wapi?

Mwanahisa wa Nairobi anajibu:

Kwa kawaida huondolewa, nawe unapewa 248. Waraka wa kampuni hueleza kama vipande hivyo vinakusanywa na kuuzwa, au vinagawiwa kwa wanahisa walioomba hisa za nyongeza kupita haki yao. Kama una akaunti mbili za hisa, haki huhesabiwa kwa kila akaunti peke yake, hivyo ukiziunganisha kabla ya daftari kufungwa unaweza kuokoa hisa moja.