Msaada: kompyuta inasema mafaili ya Windows yameharibika, na picha za marehemu baba zimo humo

MamaTausi
Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani nyumbani, mtumba, Windows 10, diski kuu (hard disk) ya GB 500. Wiki iliyopita umeme ulikatika mara tatu siku moja ikiwa imewaka. Tangu hapo inaganda, mara skrini ya bluu, na folda ya picha nikiifungua naambiwa mafaili mengine hayasomeki.

Nimejaribu sfc /scannow, komandi ya kukagua mafaili ya Windows. Ilifika mwisho ikasema imekuta mafaili mabovu ila mengine imeshindwa kuyatengeneza. Fundi wa mtaani anasema dawa ni kupiga Windows upya na vilivyomo vitafutika. Humo kuna picha na sauti za marehemu baba, na sina nakala popote. Nifanyeje?

Kijana_wa_Kihesa
Piga Windows tu dada, mapema umemaliza. Hizo komandi ni kupoteza muda.

FundiPwani
Dada, usipige Windows leo, na sfc usiirudie kwanza. Hiyo inatengeneza mafaili ya Windows yenyewe, picha zako haizigusi. Huchukua faili zima kutoka kwenye akiba iliyomo ndani ya kompyuta hiyohiyo. Akiba nayo ikiwa na kasoro, inakosa cha kupachika. Akiba hutibiwa na komandi ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, inayovuta mafaili mazima kwa intaneti, ndipo urudie sfc.

Lakini hayo yasubiri. Picha kutosomeka kunanitia shaka na diski. Shusha CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, utuambie rangi unayoiona na namba iliyo mstari wa C5.

MamaTausi
Rangi ni njano. C5 ina masifuri mengi, mwishoni 2A.

FundiPwani
Programu hiyo huandika kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, kwa hiyo 2A ni 42. Ni sekta 42, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imezipa alama ya mashaka kwa sababu ilishindwa kuzisoma. Diski inachoka.

Tafadhali sana, usipige chkdsk /r. Itapitia diski nzima sekta kwa sekta, na diski mgonjwa inaweza kufa katikati ya kazi hiyo. Zima kompyuta. Kwenye kompyuta ya jirani tengeneza flashi ya Linux Mint, mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi bila Windows, GB 8 inatosha. Washa ya kwako kwa flashi hiyo, chomeka diski ya nje, anza na folda ya baba. Muziki na muvi baadaye.

BintiTanga
Msikilize Fundi. Mimi mwaka juzi nilianza na chkdsk /r, ikakesha usiku kucha, asubuhi diski haikuonekana hata kwenye BIOS, ile programu ya mwanzo kompyuta inapowaka. Picha za mwanangu alipozaliwa zilikwenda nayo.

Ukishanunua diski mpya ya SSD, usikubali kuuziwa leseni nyingine. Kama Windows yako ilikuwa na leseni ya kidijitali, inafuata mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), si diski. Ila msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo angalia kama kompyuta inakubali Windows 11 kabla ya kupiga.

MamaTausi
Nimerudi baada ya siku tatu. Picha zote zimepona isipokuwa 11. Ila sauti moja, baba akiniombea dua kabla sijasafiri kwenda chuoni, inafika katikati kunakili kunagoma. Nimejaribu mara nne. Nimelia, wakuu.

FundiPwani
Pole sana, dada yangu. Usijaribu mara ya tano, kila jaribio linaichosha diski. Kwenye Linux hiyohiyo weka ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu. Huchukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi, kisha inarudia zile ngumu, na inaandika ilipofikia kwenye faili la ramani. Faili hilo liweke kwenye diski ya nje au flashi nyingine, ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Nakili diski nzima iwe faili moja kwenye diski ya nje yenye nafasi zaidi ya GB 500, halafu sauti tutaitafuta kwenye nakala hiyo.

Hatari ni moja: ukigeuza chanzo na pa kupokelea, unafuta kila kitu. Andika lsblk, komandi inayoorodhesha diski zote, piga picha matokeo uyaweke hapa kabla hujabonyeza Enta ya kuanzisha ddrescue. Niko macho hadi saa sita usiku.