Mtarakwa, saiprasi au podo: tuitofautishe vipi?

Mkulima_Shume: Wadau, pembezoni mwa msitu wa Shume-Magamba, Lushoto, natafuta mbegu za mtarakwa halisi (*Juniperus procera*). Tatizo, jina "mwerezi" watu wanalitumia kwa mtarakwa, saiprasi na hata podo. Naanzia wapi?

Kitalu_Milimani: Anza na tunda. La mtarakwa ni dogo, milimita 4 hadi 8, lina nyama. Likiiva huwa bluu iliyokolea na unga mweupe juu, ndani mbegu 1 hadi 4. La saiprasi ni gumu kama mbao, lina ukubwa wa sentimita 1 hadi 1.5 na magamba 6 hadi 8 yenye kincha katikati. Likikauka hufunguka na kumwaga mbegu nyingi. Podo isikusumbue, jani lake ni bapa na refu.

Mpenda_Misitu: Mimi naona gome latosha. La mtarakwa ni jembamba, la kahawia, linachanika vipande virefu.

Bwana_Miti: Hapana mkuu, gome la saiprasi nalo hupasuka kwa urefu, utakosea. Wala mti kukauka matawi si dalili, kwani vidukari wa saiprasi hushambulia yote miwili. Halafu mtarakwa una miti dume na jike. Dume hazai tunda kamwe, kwa hiyo ukikuta mti mtupu kagua na jirani zake kabla ya kuukataa.

Mkulima_Shume: Na miche je?

Bwana_Miti: Hapo ndipo wengi hupotea. Majani ya utotoni ya mtarakwa ni visindano vinavyochoma, ya ukubwani ni vigamba vilivyolalia kijiti. Lakini mche wa saiprasi nao huanza na visindano, basi mche wa miezi michache usiuamini kwa macho. Uliza mbegu ilichumwa mti gani.

Fundi_Seremala: Kwa mbao hakuna utata: kiini cha mtarakwa ni chekundu-kahawia na kinanukia penseli, cha saiprasi kimepauka. Nguzo za uzio zitoke kwenye kiini, maana ule weupe wa nje huliwa na mchwa.

Kitalu_Milimani: Mkulima, omba kibali kwanza, kisha chuma yaliyo bluu tu. Loweka, sugua nyama itoke, anika kivulini. Mbegu nyingi huwa tupu, hivyo pasua 20 kwa wembe: iliyojaa nyeupe ndani ndiyo nzima. Zikipatikana 5 tu, sia mara nne ya miche unayohitaji, na uongeze kidogo.