Barabara za Warumi Afrika Kaskazini: neema au kitanzi?

Mleta mada:
Wakuu, kila Warumi wakitajwa hakosi mtu wa kusema "angalau waliwaachia barabara." Hebu tuichambue hoja hiyo. Mwaka 14 BK Legioni ya Tatu Augusta, kikosi kikubwa cha jeshi la Roma, ilijenga barabara kutoka kambini kwake hadi Tacape, leo Gabès, Tunisia. Iliwapitia Wamusulami, wafugaji waliohamahama na mifugo kufuata majani. Mwaka 17 vita vikawaka kati yao na Roma. Kiongozi wao, Tacfarinas, alikuwa askari wa Roma aliyetoroka jeshi, kwa hiyo mbinu za Warumi alizijua. Mwaka 22 akatuma wajumbe kwa Kaisari Tiberius kudai ardhi. Si dhahabu, ardhi! Kaisari akaona ametukanwa, akaagiza asakwe. Wakamuua mwaka 24. Mimi nasema ile barabara ilikuwa ya kijeshi tu.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, umeishia mwaka 24, wakati Roma ilikaa huko karne nne nyingine. Nenda Bu Njem, jangwani Libya. Ngome yake ilijengwa mwaka 201, enzi za Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Leptis Magna, Libya hiyo hiyo. Askari waliandika taarifa za kila siku kwenye vigae vya vyungu: nani mgonjwa, nani yuko zamu, Wagaramante (watu wa jangwa la kusini) wameingia na shayiri. Kuna hata akida mmoja, Porcius Iasucthan, jina la kwao kabisa, aliyetunga shairi kuhusu lango la ngome, herufi za mwanzo wa mistari zikitaja jina lake. Kilatini chake kibovu kwelikweli, lakini kakichonga kwenye jiwe! Huyo naye tumwite mtumwa wa barabara?

Mleta mada:
Sijamwita mtumwa. Ila jiulize, kwa nini mtu mwenye punda wa shayiri aandikwe langoni? Halafu enzi za Kaisari Trajan Warumi wakasimika mawe ya mipaka kutenganisha ardhi ya Wamusulami na mashamba ya kaisari. Iasucthan alipanda cheo, sawa, lakini mfugaji aliyekuta jiwe kwenye malisho yake alipanda nini?

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnabishana kwa maandishi ya upande mmoja. Kisa cha Tacfarinas tunakipata kwa Tacitus, seneta wa Roma, aliyeandika karibu miaka mia baadaye. Hayo madai ya ardhi tunayajua kwa sababu tu yalimkera Tiberius. Mengine waliyodai ambayo hayakumkera mtu, nani aliyaandika?