Massey 290 imenoki mpaka imetoboa bloku, nifufue injini au nitafute nyingine?

Kijana wa Ubaruku:
Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri maana kichwa kinauma. Tuna trekta Massey Ferguson 290 ya mzee, la zamani lakini ndio limesomesha nyumba nzima, linalima majaruba huku Mbarali na mpunga ukiisha linafungwa trela. Juzi dereva alikuwa analima shamba la mteja, injini ikaanza kugonga, yeye akaona amalizie kipande kilichobaki kwa sababu mteja alikuwa amesimama pale pale, ikapiga mlio mmoja mkubwa ikazima. Tumefika tunakuta oili yote chini na bloku ina tundu ubavuni, ngumi ya mtoto inapita, ukichungulia unaona konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki, imekatika.

Sasa fundi wa hapa anasema tuchomelee bloku, tusage kranki (ule mhimili unaozungushwa na pistoni), tununue pistoni na beringi, anataka milioni nne na nusu pamoja na ufundi. Kuna jamaa Dar kanitumia picha ya injini ya mtumba, Perkins, anasema milioni tisa. Na kuna shemeji yangu yeye anasema tufunge injini ya Fuso tu, zipo nyingi na spea hazisumbui. Mvua ndio hizo zinanukia, wateja washaanza kupiga simu. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Chuma cha Mjerumani:
Pole sana mkuu. Huyo dereva bado anakula kwenu?

Mnyalu wa Mafinga:
Kamwene. Ya shemeji iweke pembeni kabla hujaharibu hela. Trekta sio lori, halina chesisi ndefu ambayo injini inakaa juu yake kwa maunting. Kwenye hiyo 290 injini yenyewe ndio mgongo, mbele imefungwa na sapoti ya ekseli, nyuma imefungwa na nyumba ya klachi, na ndio maana sampu yake, lile bakuli la oili la chini, ni chuma kizito cha kusubu sio bati kama la gari. Ukiweka ya Fuso inabidi utengeneze fremu ya pembeni kubeba uzito wote, halafu flaiwili na klachi havilingani, rejeta haikai. Huku kwenye magogo kuna mtu alifanya hivyo, trekta likawa linajikunja katikati kila likivuta mzigo, boliti zinakatika hata mwezi hauishi.

Mama Viazi Matamba:
Kwa milioni tisa mimi ningeongezea nikachukua pawatila mbili, vile vitrekta vya kushika kwa mikono, nikalala usingizi 😅

Kijana wa Ubaruku:
@Mama Viazi dada yangu pawatila zipo tele huku Usangu, ila haivuti trela la gunia nyingi na shamba jipya lenye magugu inakuchosha wewe badala ya wewe kuichosha. @Chuma dereva yupo, mzee kakataa asifukuzwe.

Fundi Dizeli Mwanjelwa:
Kijana, kabla hatujafika kwenye bei nijibu swali moja. Kipindi kabla haijafa, oili ilikuwa inapungua au inaongezeka?

Kijana wa Ubaruku:
Kwa kweli fundi ilikuwa haipungui kabisa, dereva alikuwa anaisifia kwamba haili oili. Hata kuna siku alisema kwenye dipstiki imepita alama ya juu akadhani mdogo wangu kazidisha.

Fundi Dizeli Mwanjelwa:
Basi hapo ndipo ugonjwa ulipo. Injini ya umri huo kutokula oili ni jambo la kushtua, na kuongezeka ndio kabisa, oili haizaliani. Kama ingekuwa maji ungeiona nyeupe kama chai ya maziwa. Kama haikuwa nyeupe basi ilikuwa ni dizeli inaingia kwenye sampu. Oili ikichanganyika na dizeli inakuwa nyepesi, presha inashuka, ikipata moto haibaki ile ngozi ya oili kati ya beringi na kranki, chuma kinasaga chuma, beringi inazunguka kwenye konrodi, konrodi inakatika, inatafuta pa kutokea. Njia ya karibu ni ubavuni mwa bloku.

Dizeli kwenye hizi Perkins inapita sehemu mbili hasa. Ya kwanza ni lifti pampu, ile ndogo iliyofungwa ubavuni inayosukumwa na kemshafti, ndani ina kiwambo cha mpira, kikichanika dizeli inashuka moja kwa moja kwenye oili na trekta linaendelea kuwaka vizuri tu, hujui kitu. Ya pili ni sili ya shafti ya pampu ya CAV, ile inayogawa mafuta kwenda kwenye nozeli, ikichoka inamwaga kwenye nyumba ya gia za taimingi na kutoka hapo inaingia kwenye sampu. Kaifungue lifti pampu leo, ziba kwa kidole tundu la kutolea mafuta, ipampu kwa mkono, angalia upande wa wenzo kama dizeli inachuruzika.

Nakwambia hivi kwa sababu ukinunua injini ya Dar halafu fundi akahamisha pampu zako za zamani akazifunga kwenye injini mpya, hiyo milioni tisa utaizika kabla ya kuvuna.

Mnyalu wa Mafinga:
Fundi umeongea kitu. Wengi wanatibu tundu tu.

Chuma cha Mjerumani:
Na hilo tundu lenyewe linachomeleka? Mi nimeona bloku zimechomelewa zinapiga kazi miaka.

Fundi Dizeli Mwanjelwa:
Inategemea limetoboka wapi. Likiwa chini kwenye ukuta wa kranki, pale hakuna presha wala maji, unaweza kuziba hata kwa bamba la chuma na boliti na gundi ya chuma na likakaa. Lakini ufa ukipanda mpaka kwenye njia ya maji, au kwenye kitanda cha beringi kubwa za kranki, au ukuta wa silinda, achana nayo. Bloku ni chuma cha kusubu, ukiichomelea baridi kwa fimbo ya kawaida inapasuka pembeni ya weldi ikipoa, inataka fimbo ya nikeli, ipashwe moto kwanza na ipozwe polepole. Mchomeleaji wa mageti asiiguse. Na hata ikizibika vizuri, hakikisha vitanda vya beringi vyote vimenyooka mstari mmoja, maana konrodi ikikatika kwa kishindo vile inaweza kuvisogeza.

Kijana umepima kranki?

Kijana wa Ubaruku:
Fundi wa hapa kaipapasa kwa kidole cha gumba akasema itasagika.

Fundi Dizeli Mwanjelwa:
Kidole sio maikromita ndugu yangu. Ipeleke wanaosaga kranki hapa mjini waipime kila shingo, yaani pale beringi inapokaa. Beringi za size, za kranki iliyosagwa, zinauzwa 10, 20 na 30, yaani elfu za inchi, kama hiyo shingo ya konrodi iliyokatika inahitaji kusagwa kupita 30 hiyo kranki ni chuma chakavu. Na waikague nyufa kwanza, usilipie kusaga kitu kilichopasuka.

Mzee wa Spea Makambako:
Naongezea upande wa injini ya mtumba. 290 inatumia Perkins A4.248, silinda nne, lita 4 na kidogo. Ndugu yake wa karibu ni 4.236, stroki ni ile ile milimita 127, tofauti ni upana wa silinda, 4.236 ni 98.4 na yako ni 101. Hizi 4.236 ziliwekwa kwenye kila kitu, foklifti, jenereta, kompresa, mashine za kuvunia, kwa hiyo ukiona anakuuzia "Perkins" muulize imetoka kwenye nini. Akikutumia namba iliyogongwa kwenye bloku na inaanza na LD ujue hiyo ni 4.236, sio yako. Sio dhambi kuifunga, nguvu inapungua kiasi, ila jua unalipia nini na bei iongee hivyo. Halafu ya foklifti au jenereta inakuja na sampu ya bati, kwa hiyo utahamisha sampu yako nzito, flaiwili yako, na pengine kava ya mbele. Kwa hiyo trekta lako usianze kuuza vipande, kuna wajanja watakuja kukutajia bei ya kilo.

Pia ukibadili injini namba ya kwenye kadi haitalingana, pitia TRA ubadilishiwe, ukija kuuza trekta ndio utanishukuru.

Mama Viazi Matamba:
Na dereva asishuke nalo nyutro na trela la viazi kwenye zile kona 57 za kushuka Chimala, nyie wanaume mnapenda sana kubana mafuta. Mwingine anashuka na gia ndogo mguu hauko kwenye breki, magurudumu ndio yanaizungusha injini mpaka inalia kama pikipiki.

Kijana wa Ubaruku:
Wakuu nimerudi. Nimefungua lifti pampu, kiwambo kimechanika nusu duara, nikipampu dizeli inatoka upande wa wenzo kama fundi alivyosema. Oili iliyobaki kwenye sampu inanuka dizeli waziwazi, ukiibana kati ya vidole inateleza kama maji. Tundu nimelisafisha, ufa umepanda mpaka kwenye njia ya maji, kuna kutu inaonekana pale. Na yule wa Dar namba kanitumia, inaanza na LD, anasema imetoka kwenye kompresa.

Fundi Dizeli Mwanjelwa:
Basi bloku imeshakuamulia. Hiyo LD ishushe bei kwanza, usitume hela kwa picha, nenda uisikie ikiwaka au umtume mtu, mfunguliwe kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma muone moshi unaosukumwa pale. Ikija, kabla haijapanda kwenye trekta, shusha sampu uangalie beringi, ni kazi ya nusu siku. Sampu yako ya zamani ioshe kwa dizeli mpaka kila pembe, ina vumbi la chuma humo, na kama una kifaa cha kupozea oili (oil cooler) usikihamishe bila kukisafisha ndani. Lifti pampu nunua mpya, CAV ipeleke kwa watu wa pampu wabadili sili zote. Oili ya kwanza imwage mapema, na siku za mwanzo lipe kazi ya wastani, haro sio jembe, wala usiliache liungurume bure saa nzima mkisema mnalizoesha.

Mzee wa Spea Makambako:
Kranki yako ikipima vizuri usiitupe, nitumie picha na namba iliyogongwa juu yake, kuna mtu hapa anatafuta.

Kijana wa Ubaruku:
Sawa mzee, kesho inaenda kupimwa, nitaweka picha. Jumatatu napanda basi la Dar. Mteja wangu wa Igurusi ana heka 12 keshalipa nusu, kama kuna mwenye trekta huko karibu aniambie tuelewane amlimie.

Chuma cha Mjerumani:
Mimi nipo Chimala, nina Ford 5000. Mafuta juu yako?