Tahadhari za baridi Uingereza: hivi hawatuchukulii kama watoto?

MtotoWaMakete (Leeds)

Wakuu, habari za humu ndani. Kuna jambo linanikera kila Novemba ikiingia, nimeona nililete kwa wadau mnaoishi kwenye baridi.

Mimi ni mzaliwa wa Makete, kule milimani Njombe, Tanzania. Anayeijua Makete anajua mwezi wa sita na wa saba kunakuwaje: unaamka alfajiri majani yote meupe kwa sakitu, viazi vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto, na watoto wanakwenda shule na sweta moja na kandambili. TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya nyumbani, wakitoa utabiri wa kipupwe watu wanasikiliza, kisha wanashika jembe.

Huku sasa, joto likikaribia nyuzi 2, redio inatangaza, kazini wanabandika karatasi ukutani: tahadhari ya njano, vaa nguo nyingi, kunywa vya moto, mjulie hali jirani. Juzi wakaipandisha ikawa rangi ya chungwa. Natoka usiku kwenda shifti ghalani, nakuta vijana wanatoka baa na fulana tupu!

Hoja yangu ni hii: mtu mzima akikumbushwa kila wiki kuvaa koti, siku ya hatari ya kweli atasikiliza? Naona wamezidisha. Naomba kuwasilisha.

Bi_Tanga (Leicester)

Kaka wa Makete, nimekusoma mpaka mwisho, na nakujibu kwa sababu mambo haya ndiyo kazi yangu. Mimi ni kea, nazunguka majumbani kwa wazee asubuhi na usiku.

Kwanza tuelewane kuhusu hiyo karatasi. Tahadhari za theluji, barafu na upepo ni za Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya huku. Hii ya baridi ni nyingine: inatolewa na UKHSA, wakala wa serikali wa usalama wa afya, wakishirikiana na Met Office, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi, kwa England peke yake. Zamani walikuwa na kigezo cha wastani wa nyuzi 2 kwa saa 48. Tangu 2023 wanapima madhara: nani ataumia, na hospitali zitaelemewa kiasi gani. Njano ni kwa ajili ya wazee, wagonjwa na wanaolala nje. Chungwa ni pale huduma zote za afya zinapotarajiwa kubanwa. Nyekundu ndiyo inayosema hata mwenye afya njema yuko hatarini.

Kwa hiyo ile ya njano wala haikulengi wewe unayebeba maboksi usiku. Inamlenga meneja wangu, anayepaswa kuangalia nani kwenye orodha yetu anaishi peke yake. Inalenga wodi, ili wasimrudishe mgonjwa kwenye nyumba isiyo na joto.

Na wewe unapima baridi ya nje. Nikupeleke ndani. Kuna mama mmoja ninayemhudumia, mjane, ana presha na kifua. Nyumba yake ni zile za matofali za enzi za Malkia Victoria, ukuta hauna uwazi katikati wa kuzuia baridi. Ukifungua mlango, pumzi yako unaiona pale ukumbini. Mita yake ni ya kujaza hela kwanza, LUKU ya huku, na macho yake yako kwenye ile mita kuliko kwenye televisheni. Boila ya kupasha nyumba ni nzima, ila haiwashi. Anakaa na koti la kutokea na kofia, miguu kaizungushia taulo. Kipimajoto tulichomwekea ukutani kinasoma 12, wakati ushauri wa afya ni chumba kisipungue nyuzi 18. Kucha zake zina ubluu. Nikimpima presha, imepanda.

Hapo ndipo baridi inapoua, kaka. Mishipa inajibana, presha inapanda, damu inakuwa nzito na rahisi kuganda. Mshtuko wa moyo au kiharusi huja siku chache baadaye. Ya kifua yanaweza kuja wiki nzima au mbili baada ya baridi yenyewe, jua limeshatoka na watu wamesahau. Kwenye cheti cha kifo hutaona neno baridi.

Kuna utafiti unaitwa Eurowinter, ulichapishwa 1997 kwenye jarida la Lancet. Walilinganisha sehemu mbalimbali za Ulaya wakakuta joto linaposhuka kwa kiasi kilekile, vifo vinaongezeka zaidi kwenye nchi zenye majira mepesi ya baridi, Athens kwa mfano, kuliko kusini mwa Finland. Wafini nyumba zao zina joto na wakitoka wanavaa kweli. England ni nchi ya baridi inayoonekana ndogo, ndiyo maana watu wanaidharau. Hao vijana wa fulana uliowaona hawana shida, wana miaka ishirini. Bibi zao ndio wenye shida.

Mimi nasema tahadhari haijazidi, imepungua. Inamwambia yule mama apashe chumba mpaka 18, hela ya kupasha haimo. Yapo malipo ya serikali ya pauni 25 kwa wenye misaada fulani, ila mpaka wastani wa joto uwe sifuri au chini yake kwa siku saba mfululizo. Nyuzi 2 mwezi mzima, hupati kitu! Mwaka 2024 wakawaondolea mamilioni ya wastaafu ile ruzuku ya kupasha nyumba, 2025 wakairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000. Kama ni kulalamika, tulalamikie hilo.

Limuru_Winnipeg

Dada amemaliza, naongeza kidogo tu. Huku kwetu kusini mwa Manitoba, Kanada, onyo la baridi kali linangoja mpaka baridi ikichanganywa na upepo ihisike kama nyuzi 40 chini ya sifuri. Lakini nyumba zina joto la kukaa na shati, hata za watu wa kipato cha chini. Nyuzi za nje pekee haziwezi kulinganisha nchi mbili.

Ila kaka ana hoja moja nisiyotaka ipotee. Tangazo likisomwa redioni bila kutaja linamhusu nani, kila mtu anaona si lake. Waseme wazi: kama una mzazi zaidi ya miaka 65, mpigie leo.

Na nyumbani Limuru, Kenya, kwenye ile baridi ya Julai, ninachokiogopa ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku, mlango na madirisha yakafungwa. Hewa yake ya sumu haionekani, harufu hakuna, watu wanalala hawaamki. Hilo ningependa litangazwe kila jioni ya Julai, wala nisingesema wamezidisha.

MtotoWaMakete

Nashukuru sana dada, na wewe mkuu wa Winnipeg. Hilo la kutaja mlengwa bado nalishikilia. Sasa nina swali la karibu zaidi. Mama yangu anakuja Januari kukaa na wajukuu. Ana presha. Kwenye simu ananiambia nisipoteze hela ya hita, yeye baridi ameizoea. Mimi na mke wangu tuko kazini sehemu kubwa ya siku. Nifanyeje?

Bi_Tanga

Baridi aliyoizoea mama ni ya alfajiri, halafu jua linatoka, anapanda mlima kwenda shamba, mwili unachemka. Leeds atakaa kwenye kiti kutwa, na saa kumi jioni giza linaingia. Usibishane naye kwa maneno. Weka kipimajoto chumbani kwake, cha bei rahisi kinatosha, na wajukuu wawe wanamsomea. Kama bili inabana, pasheni chumba anachoshinda na anacholala, vingine viwe chini kidogo.

Aje na dawa za presha za kukaa muda wote na ziada. Kitandani mpe blanketi la umeme au chupa ya maji ya moto, kimojawapo, kamwe visitumike pamoja. Soksi na kofia hata ndani. Mkipika fungueni dirisha kidogo mvuke utoke, la sivyo ukungu wa ukutani utamrudia kifuani. Na jiandikishe upate zile tahadhari kwa barua pepe, ni bure, ili ikitoka ya chungwa upange na mkeo nani anampigia simu mchana.

Anafika tarehe ngapi? Nina blanketi la umeme jipya halijafunguliwa, na mwishoni mwa Desemba nakuja Leeds kwa shangazi. Niandikie pembeni nikuletee. Mama mfikishie shikamoo yangu.