Mwenye shamba anaogopa kushtakiwa: mkataba wa kupanda mwamba tuuandikeje?

Jabali25: Wadau, kuna jabali la mita 25 kwenye shamba la mtu binafsi, Machakos. Mzee hana neno na wapandaji, ila anauliza: mtu akiumia, nitalipa mimi? Wenzangu wanataka kilabu kisaini kwamba kinabeba dhima yote, halafu tutoze ada getini ya kununulia boliti (vyuma vinavyofungwa ndani ya mwamba kushikilia kamba). Imekaa sawa?

WakiliPembeni: Msisaini hivyo kabisa. Shirikisho la wapandaji la Ufaransa, FFME, lilikuwa na mikataba ya aina hiyo hiyo na wenye ardhi. Mwaka 2010, kule Vingrau, kusini mwa Ufaransa, bonge la mwamba lilibanduka likajeruhi wapandaji wawili. Mahakama haikuhitaji kuthibitisha uzembe wa yeyote. Ilitosha kujua jiwe lile lilikuwa chini ya uangalizi wa nani, na mkataba ulisema shirikisho. Fidia ilipita euro milioni moja, na Julai 2020 rufaa ya mwisho ikatupwa. FFME ikaanza kuvunja mikataba, wenye ardhi wakabaki na mzigo, baadhi ya majabali yakafungwa. Ndipo Februari 2022 sheria ikabadilishwa: mwenye eneo la asili halipi kwa hatari ya kawaida inayotarajiwa katika mchezo wenyewe.

Kenya ni tofauti. Sura ya 34, sheria ya dhima ya mwenye eneo (Occupiers' Liability Act), inamdai mwenye eneo uangalifu wa kiasi kwa mgeni, haimfanyi mdhamini wa kila jiwe. Hatari ambayo mgeni ameikubali kwa hiari haimhusu mwenye eneo. Lakini kibao cha "ingia kwa hatari yako" peke yake ni mapambo tu; onyo linasaidia pale linapomwezesha mtu kujikinga. Andikeni njia ipi ya kupandia ina mawe yaliyolegea, na kofia ngumu ivaliwe hata na anayeshika kamba chini. Watoto sheria inatarajia wawe wazembe zaidi ya watu wazima, kwa hiyo wasiingie bila mtu mzima.

Jabali25: Na ada, wakili?

WakiliPembeni: Mzee asiguse hela. Marekani, majimbo mengi humkinga mwenye ardhi anayefungua bure kwa burudani, na akitoza kinga hiyo mara nyingi huondoka. Kwetu, akipokea ada getini ameingia mkataba na kila mgeni. Kusanyeni kama ada ya uanachama ya mwaka, na bima ya dhima ya kilabu imtaje mzee kwa jina kama mkingwa. Wakala akisema "amefunikwa tu," dai maandishi.

FundiDrili: Mkataba useme kilabu kinawajibika kwa boliti kilizofunga chenyewe, si kwa mwamba. Kwa mita 25 piga hesabu ya boliti 9 hadi 11, na mbili za juu za kushukia. Chukueni chuma kisichoshika kutu, kibati (kile kipande cha nje kinachoning'inizwa kamba) na boliti vya daraja moja. Wanaobana bajeti huweka kibati kizuri juu ya boliti iliyopakwa zinki tu; vyuma viwili tofauti vikilowa, boliti inaliwa ndani ya tundu na nje hakuna dalili.

Boliti za kubandikwa kwa gundi hufeli kwa vumbi ndani ya tundu. Puliza, piga brashi, puliza tena, mpaka pumzi itoke safi, ndipo gundi. Usiitundikie kamba kabla ya muda wa kukauka ulioandikwa kwenye mrija wa gundi, na kukiwa baridi muda huo hurefuka.

Halafu daftari: njia, tarehe, aina ya boliti, namba ya bechi, nani alikagua. Boliti inayozunguka kwa mkono, njia ifungwe siku hiyo hiyo, na tangazo libandikwe chini ya njia yenyewe. Getini hakuna anayesoma.

Jabali25: Sawa. Rasimu ya kifungu cha boliti naiweka hapa kesho, mnikosoe kabla mzee hajaiona.