Vifaa vya bei nafuu vya kushonea nyumbani: nianze na vipi?

BintiCherehani

Wakuu, salaam. Shangazi yangu ameniachia cherehani yake ya kukanyaga, nami nimeanza kushona nyumbani. Mpaka sasa nimemaliza foronya nne na sketi moja. Nilicho nacho ni mkasi, tepu ya kupimia na sindano moja, ile niliyoikuta kwenye mashine.

Shida ziko mbili. Nikishona kitambaa cha tisheti, mashine inaruka: mishono mitatu mizuri, wa nne haupo. Kwenye pamba inashona, ila inagonga "tok tok" kila ikitoboa. Ya pili ni zipu ya sketi. Nimeifumua mara tatu kwa ncha ya mkasi, na mara ya tatu nikakata kitambaa chenyewe, tundu la kupita njiti ya kiberiti. Niliiweka sketi mapajani nikakosa nguvu ya kuendelea.

Naomba mnitajie vifaa vidogo, vya bei nafuu, ambavyo ninyi wenyewe mnavishika kila siku. Boksi lenye vikorokoro mia silitaki tena. Niliwahi kulinunua: mkasi wake ulitafuna kitambaa, na nusu ya vitu vyake sijajua kazi yake mpaka leo.

NchaKali

Pole dada. Anza na sindano, kabla ya kitu kingine chochote. Huo mlio wa "tok tok" ni wa sindano butu. Ipitishe ncha yake taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba: ikiukwaruza, imekwisha au imepinda ncha. Watu wanabadilisha uzi, wanafungua bobini, wanalaumu mashine ya watu, kumbe ni sindano ya mwaka juzi. Mimi hubadilisha kila baada ya saa nane hivi za kushona.

Sasa namba. Kwenye pakiti utaona 80/12 au 90/14. Ile 80 ni unene: milimita 0.8. Pamba nyepesi nenda 70, pamba ya kawaida 80, kitambaa kizito kidogo 90, jinzi 100. Kwa tisheti omba sindano ya ncha ya mviringo. Sindano kali huchoma nyuzi za kitambaa kinachovutika. Ya mviringo huzisogeza na kupita katikati, na hapo mashine huacha kuruka.

Cherehani nyingi za nyumbani hutumia sindano zenye maandishi 130/705 H, lakini ya shangazi ni ya zamani, kwa hiyo nenda na sindano yako mkononi ulinganishe urefu na shina. Na kabla hujaitoa, angalia upande wake bapa umeelekea wapi. Mpya iingie vilevile, isukumwe juu mpaka igote, ndipo ukaze skrubu.

MamaBandi

Nimesoma habari ya tundu nikaumia nawe, mwanangu. Nunua kifumulio: kile kidogo chenye mpini, mbele kina ncha mbili, moja ndefu kali, nyingine fupi yenye kitone chekundu, na katikati yake kuna wembe. Ni kifaa cha bei ya chini kuliko karibu vyote na kimeniokolea nguo nyingi kuliko mkasi wangu wa gharama.

Usikisukume mshono mzima kwa pupa. Ingiza ncha ndefu chini ya mshono mmoja, ukate. Ruka mitatu, kata wa nne. Ukifika mwisho geuza kitambaa, vuta uzi wa upande wa pili: unatoka mzima, mrefu, na kitambaa hakijaguswa. Vile vipande vifupi vya upande wa kwanza unavifuta kwa kiganja. Ukiona kinaanza kukwama na kuvuta kitambaa, kimekuwa butu, nunua kingine.

Na hiyo zipu usiishikize kwa pini. Piga bandi. Sindano ya mkono, uzi wa rangi inayoonekana, mishono mirefu ya sentimita moja moja, bila fundo kubwa. Ndipo upite na mashine. Nimeshona miaka mingi na zipu bado naipigia bandi.

Kastabini

Sumaku. Sumaku yoyote ndogo ndani ya kisahani. Pini hazianguki tena sakafuni zikasubiri mguu wa mtoto.

UpindoMnyoofu

Mama Bandi, kwa zipu nakubali, ila pini nazo zina mahali pake. Ziwe nyembamba, zenye vichwa vya glasi. Vya plastiki vinayeyuka ukipiga pasi juu yake, na rangi ikishaingia kwenye kitambaa haitoki. Zichome kukatiza mstari wa kushona, halafu uzitoe kabla sindano haijazifikia. Sindano ikigonga pini, huharibika ncha, na dada anarudi kwenye kuruka kulekule.

Kifaa changu mimi sikukinunua. Ni kadi iliyokatwa kwenye boksi gumu, urefu kama kiganja. Nimechora mistari ya sentimita 1, 2, 3 na 4 kutoka ukingoni. Nikitaka upindo wa sentimita 2, naiweka kadi upande wa nyuma wa kitambaa, nakunja ukingo juu yake mpaka ugonge mstari wa 2, napiga pasi hapohapo kadi ikiwa ndani, kisha naitelezesha mbele. Sketi nzima inakunjwa bila pini hata moja, na upindo hauna mawimbi.

Kingine: bandika kipande cha tepu ya karatasi kwenye bamba la mashine, sentimita 1.5 kulia kwa sindano. Macho yafuate ukingo wa tepu, yasiangalie sindano.

BintiCherehani

Asanteni sana, naandika yote. Je, kuchora kwenye kitambaa cheusi? Na lastiki ya kiunoni naipitishaje? Nimetumia kalamu kuisukuma, imepotelea ndani.

Kastabini

Cheusi, kipande cha sabuni ya mche kilichobaki chembamba. Kinachora vizuri na kinatoka ukifua. Jaribu kwanza pembeni.

Lastiki ichomeke pini ya kufungia, ile inayojifunga yenyewe, usukume ukiishika kwa nje. Chukua kubwa, ndogo huipati kwa vidole. Huo mkia wa pili wa lastiki ubane mdomoni mwa mfereji wa kiunoni kwa pini nyingine; hukuubana, ndiyo maana ya kwako ilipotea. Pini hiyo Walter Hunt wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1849, na kabla yake alishaunda cherehani ya kushona kwa nyuzi mbili. Huwa namkumbuka kila nikivalisha lastiki.

NchaKali

Niongeze uzi. Uliorithiwa pamoja na mashine uujaribu: kata kama sentimita 30, uvute kwa mikono miwili. Ukikatika kirahisi, weka kwa ajili ya bandi tu. Na mkasi wa kitambaa usikate karatasi, mwambie kila mtu nyumbani.

BintiCherehani

Wakuu, narudi baada ya wiki. Nimenunua vitu vitatu tu: pakiti ya sindano, kifumulio na pini za kufungia. Kadi nimekata mwenyewe.

Sindano ya zamani nilipoiweka kwenye kioo haikulala sawa, katikati ilikuwa imeinuka. Na hiyo ndiyo niliyoshonea foronya zote nne! Nimeweka 80, kelele imekwisha. Ya ncha ya mviringo nimeijaribu kwenye tisheti kuukuu, mistari mitano, hakuna mshono ulioruka.

Zipu nimepiga bandi kwa uzi mwekundu na imekaa mara ya kwanza. Tundu nimelizibia nyuma kwa kipande cha kitambaa kilekile nikashona kwa mkono. Liko chini ya ukingo wa zipu, halionekani.

MamaBandi

Hongera mwanangu. Sasa fungua bamba lililo chini ya sindano uchukue brashi kuukuu, usugue pale kwenye meno. Mashine iliyokaa muda haikosi vumbi la nyuzi lililogandamana kama sufi. Ukishalitoa, weka tone la mafuta ya cherehani, kisha ushone kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaache kutoka.